Barua kwa mwanangu: ule mstari wa kijani

Mwanangu,

Sisi wazima, babako kikohozi kimepungua. Ile picha ya mwanamke mwenye mstari wa kijani kati ya uso, ile Matisse yule mchoraji Mfaransa alimchora mkewe Amélie, nimeiona, na voisi yako nimeisikia mara mbili, ati ticha kataka muandike maana yake na wewe waona tu mchoraji alimchukia mkewe. Kwanza nilicheka, nikasema huyu kapakwa liwa nusu uso wageni wakaingia.

Sasa jana dukani, si walijua lile turubali la kijani hapo mbele, kuna mama kaja kuulizia leso, kasimama nusu yuko kwa jua la Biashara Street nusu yuko chini ya turubali, namtizama hivi shavu moja la njano lile jingine kijani kabisa na mpaka umepita puani! Miaka yote nauza leso hapo sijawahi kuona. Nikafungua simu tena nikarudi kwa Bi Amélie wako.

Huyo Matisse hakutaka kivuli cheusi, basi. 1905 hiyo, watu walizoea pua ichongwe kwa kivuli cha rangi ya udongo, yeye kachukua kijani kagawa uso, huku njano kule waridi, na upande wa waridi ukuta wa nyuma kaupaka kijani. Ni kama leso, pindo jekundu ukiliweka na mji wa kijani vyote viwili vyapiga kelele hata hujasoma jina. Kwa hivyo usiniandikie kijani ni wivu, sijui kijani ni maradhi, hayo ya kuokota intaneti.

Na chuki iko wapi? Huyo Bi Amélie alishawahi kuwa na duka la kofia, ndo lililowalisha wakati michoro ya bwana hainunuliwi. Mtizame macho. Hacheki, wala hakuombi umpende. Mimi picha yangu ya harusi fundi alinipausha nikatoka kama sahani, alama yangu ya hapa jichoni kaifuta, babako huipita ukutani hata hasimami. Heri ningepigwa mstari.

Na yenyewe ndogo, sentimita 40 na kitu kwa 32 na kitu, iko Copenhagen kule Denmark. Sinia yetu ya biriani yaishinda, lakini kwa simu nilidhani imejaa ukuta mzima.

Leso yako ya zambarau imefika, nimekuwekea. Ukimaliza kuandika nitumie nisome kabla ya ticha.

Mamako