Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wahitimu Wetu

Ndugu wanachama, wazazi, walezi na wahitimu wetu, mbukwenyi!

Naanza na waliokaa safu ya mbele. Vijana 9 ambao mfuko wetu uliwalipia ada na kuwapa walezi wa kuwafuatilia chuoni wamevaa joho mwaka huu: wanne Chuo Kikuu cha Dodoma, wawili Chuo cha Mipango, wawili Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na mmoja Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Siku ya mahafali nilisimama kando ya mama mmoja aliyetoka Mvumi. Mwanawe alipoitwa jina, mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akavua kitenge chake akamtandikia binti apite juu yake. Hakuniambia neno. Sijapata kupokea shukrani nzito kuliko ile.

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atawasomea. Mimi nataka tuzungumze juu ya Oktoba na Novemba, vyuo vinapofunguliwa.

Huku kwetu Dodoma alizeti na karanga huvunwa kuanzia Mei. Mkulima wa Bahi au Chemba mwenye deni huuza palepale, bei ikiwa chini. Vyuo vikifunguliwa, fedha ile imeshakwisha na mvua za kupandia bado. Wenye zabibu wana nafuu kidogo, kwa kuwa mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Hata aliyepangiwa mkopo lazima kwanza asajiliwe, kisha asaini, ndipo apate bumu, yaani fedha ya kujikimu. Katikati hapo mtoto wetu analala kwenye godoro la kuazima, anakula mara moja kwa siku, na anaona haya kusema.

Mwaka juzi binti mmoja aliacha chuo namna hiyo. Ada yake tulikuwa tumeilipa yote. Alifunga begi akarudi kijijini, nasi tukajua mitihani ilipokwisha. Mlezi wake alikuwa amehamishwa kikazi, na kamati yangu haikuweka mwingine. Kosa ni letu, nami kama mwenyekiti naliomba radhi mbele yenu na mbele ya wazazi wake, ambao wamekubali kuwa nasi leo. Tulimfuata nyumbani. Yuko chuoni tena, mwaka wa kwanza.

Tangu hapo kila anayeanza chuo anapewa kianzio cha nauli, godoro na unga, na mlezi humpigia simu kila wiki mpaka Krismasi. Ni fedha ndogo ukiilinganisha na ada. Lakini wahitimu hawa nilipowauliza mmoja mmoja ni kitu gani kiliwabakiza chuoni, ada waliitaja mwishoni. Walianza na simu ya mlezi.

Jambo la pili ni vyeti. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima anatakiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi. Vijijini wengi hawana. Wahitimu wetu wawili walikwenda Kondoa na Mpwapwa kuwasaidia waliomaliza kidato cha sita kufuatilia vyeti na kujaza maombi mtandaoni. Walijilipia nauli. Kamati inapendekeza safari hizo ziingie kwenye bajeti, tena kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya Serikali imefika pia kwenye stashahada za fani za kipaumbele. Tumeifurahia sana hatua hiyo. Kwa sababu hiyo napendekeza ufadhili wetu uelekezwe zaidi kwa walio nje ya fani hizo na kwa wa ngazi ya cheti. Najua baadhi yenu mnapenda fedha ziende kwenye shahada, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Naomba tulijadili kwa uwazi.

Wanangu wahitimu, mtakapoajiriwa, waliokopa Bodi watakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Lipeni; wadogo zenu wanasomeshwa na marejesho hayo. Mfuko huu hauwadai hata senti. Tunawaomba Jumamosi moja kwa mwezi, mkae na mtoto mmoja anayeanza.

Fomu za walezi ziko mezani kwa katibu. Tunawahitaji hasa wauguzi na walimu wa hisabati, na yeyote anayeishi Chemba, maana huko hatuna mlezi hata mmoja na watoto watatu wanaanza Oktoba.