Barua ya wazi kwa walezi wa Tanga: mtoto mkubwa anayelowesha kitanda

Wanangu, akina mama na akina baba, nanyi mashangazi na bibi mnaolea wajukuu, kuanzia barabara za Ngamiani mpaka Makorora, Chumbageni na Chongoleani, assalaam aleikum.

Nawaandikia juu ya mtoto wa miaka saba, tisa, hata kumi na miwili, ambaye kila asubuhi shuka lake limelowa. Nyumba nyingi zina mtoto huyo, na kila moja hudhani iko peke yake, kwa sababu godoro huanikwa uani kabla jirani hajaamka. Katika kila watoto 100 wa miaka 7, watano hadi kumi bado hukojoa usiku. Kila mwaka unaopita, kama 15 katika kila 100 wa hao hukauka wenyewe bila dawa yoyote.

Kwa hiyo kwanza wekeni fimbo chini. Acheni kumbebesha godoro mbele ya wenzake, acheni kumtisha kwa chura wa kufungwa kiunoni, na lile neno kikojozi lisitoke mdomoni mwenu wala mwa ndugu zake. Mtoto huyu hafanyi kusudi, wala si mvivu. Amelala. Fimbo humpata akiwa macho, na akiwa macho hana kosa alilotenda. Sheria ya dini yetu haimwandikii dhambi aliyelala mpaka aamke, wala mtoto mpaka abaleghe. Sisi tunamwandikia kwa kalamu ya nani? Aoge, avae nguo safi, aswali Alfajiri yake na wenzake, basi.

Jueni kinachotokea mwilini. Usiku ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kukomaa, kwa hiyo figo hufanya kazi usiku kama mchana. Wengine kibofu chao hujibana kabla hakijajaa. Na karibu wote wana usingizi usiovunjika hata kibofu kikiita. Jambo hili hurithiwa pia: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto ni karibu 44 kwa 100, na wazazi wote wawili ni karibu 77. Kabla ya kumlaumu mtoto, kamuulizeni bibi mzaa baba.

Ninalotaka mlishike ni kwamba kazi ya kukausha kitanda hufanyika mchana. Tazameni siku ya mtoto wa shule. Anatoka alfajiri na kikombe cha chai na maandazi mawili. Shuleni hanywi maji wala haendi chooni, kwa kuwa choo kinamkirihisha. Akirudi anakunywa kidogo, anakimbilia chuoni kusoma Kurani, kisha mpira. Magharibi kiu ya siku nzima inamshukia: maji vikombe vitatu, chai ya rangi, dafu, na baada ya chakula machungwa mawili matatu ya Muheza. Saa tatu amelala. Mkojo wa mchana mzima umehamia usiku. Halafu mzazi mwenye hasira anaongeza kosa, anamnyima maji tangu alasiri. Mtoto anabaki na kiu, mkojo unakuwa mzito na kukichokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, na kitanda bado kinalowa.

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 anahitaji vinywaji lita 1 hadi 1.4 kwa siku. Wa miaka 9 hadi 13 anahitaji kama lita 1.2 hadi 2.3, wavulana zaidi kidogo, na katika joto letu la Januari na Februari ongezeni. Chukueni chupa mbili za nusu lita. Ya kwanza iishe kabla ya saa sita mchana, ya pili kabla ya saa kumi na moja jioni. Pamoja na maziwa au uji wa asubuhi hesabu inatimia. Chakula cha usiku nusu glasi inatosha, na saa moja kabla ya kulala hanywi tena. Chai ya majani, kahawa na soda za kola zina kafeini. Mtoto huyu bora aziache kabisa. Ng'onda na dagaa wa chumvi viliwe mchana, kwani chumvi ya usiku huleta kiu na kuzipa figo kazi. Matunda ya maji mengi vilevile.

Akojoe mara nne hadi saba kwa siku, kila baada ya saa mbili au tatu, bila kungoja abanwe. Walimu, hapa nawaomba ninyi: mtoto akinyoosha mkono kuomba ruhusa, mwacheni aende. Jioni akojoe anapojiandaa kulala, na tena anapopanda kitandani.

Jambo ambalo wengi huliruka ni choo kigumu, nami nalitia mkazo. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imelala nyuma ya kibofu. Ikijaa kinyesi kigumu hukibana kibofu, kikabaki na nafasi ndogo na kujibana ovyo. Angalieni kama mtoto anapata haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, kama inatoka vipande vipande kama ya mbuzi, au chupi ina madoa. Mpeni papai, embe, mchicha, kisamvu, maharage, na maji yale ya mchana. Kila siku baada ya chai akae chooni dakika tano hadi kumi bila kuharakishwa. Wiki mbili zikipita bila nafuu, mpelekeni kituo cha afya apewe dawa ya kulainisha. Wapo watoto ambao choo kikilainika tu, kitanda nacho hukauka, na hakuna kingine kilichohitajika.

Wekeni daftari kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha lolote kubwa. Kila asubuhi andikeni: kavu au mbichi, doa dogo au dimbwi, saa ngapi kama mnaijua, na kama alipata choo. Siku mbili za mapumziko akojoe kwenye chombo kilichotiwa alama za mililita. Kibofu cha mtoto hukadiriwa hivi: umri wake jumlisha moja, zidisha kwa 30. Wa miaka 8 ni mililita 270. Kama mchana hafikii hata nusu ya hapo, na usiku analowesha kidogo kidogo zaidi ya mara moja, tatizo liko zaidi kwenye kibofu. Kama mchana anafika vizuri lakini usiku ni dimbwi la saa za mwanzo, figo zake zinatoa mkojo mwingi usiku. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo yenu yote ya mdomo.

Sasa kitanda. Juu ya godoro tandikeni mpira, juu yake shuka, kisha mpira wa pili na shuka la pili. Usiku likilowa mnaondoa viwili vya juu na mtoto anaendelea kulala pakavu. Mpira na joto letu humtoa jasho, kwa hiyo wekeni kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili katikati. Godoro la sufi lisilofunikwa likilowa wakati wa masika halikauki tena, linaoza kwa ndani. Kitanda cha kamba na mkeka hukauka upesi kuliko godoro lolote, na si aibu kukirudia. Shuka lisuuzwe kwanza kwa maji baridi, ndipo sabuni. Harufu ikibaki, lilowekeni kwenye maji yenye siki kidogo. Msimwage jiki juu ya mkojo mbichi, kwani hutoa hewa yenye sumu. Mtoto aoge asubuhi na apakwe mafuta ya mgando asipate vipele.

Tazameni pia njia ya kwenda chooni. Chandarua kimechomekwa pande zote, taa imezimwa, choo kiko uani. Mtoto aliyeamka nusu hawezi safari hiyo, na anaogopa. Mwachieni taa ndogo, na ndoo yenye kifuniko chumbani.

Kumwamsha saa tano mnapokwenda kulala huokoa shuka, lakini hakumfundishi mwili wake kitu. Mkimwamsha, aamke kweli, ajibu jina lake, atembee mwenyewe. Kumbeba amelala hadi chooni ni kumzoeza kukojoa usingizini.

Kinachofundisha ni kengele ya mkojo. Ni kifaa kidogo chenye kihisio kinachobanwa kwenye chupi au kutandikwa chini ya shuka. Tone la kwanza tu, kinalia. Katika kila watoto watatu wanaoitumia sawasawa, karibu wawili hukauka. Inashindwa pale wazazi wanapodhani itafanya kazi yenyewe. Majuma ya mwanzo mtoto hataisikia, wataamka nyumba nzima isipokuwa yeye. Lazima mtu mzima alale karibu, amwamshe, amwachie aizime kwa mkono wake, aende kumalizia chooni, abadilishe shuka, aiwashe tena. Itumieni kila usiku bila kuruka. Dalili njema huonekana ndani ya wiki nne: doa linapungua, inalia saa za mbele zaidi, au mara moja badala ya mbili. Zikionekana, endeleeni mpaka apate usiku 14 mfululizo mkavu, na hilo huchukua miezi miwili hadi mitatu. Wiki nne zikipita bila dalili yoyote, pumzikeni na mwende kwa daktari. Akirudia kulowesha baadaye, anzeni upya. Mara ya pili huwa ni njia ileile.

Zawadi mpeni kwa anachokiweza: amemaliza chupa zake, amekwenda chooni, amesaidia kutandika. Kumpa zawadi kwa kuamka mkavu ni kumlipa kwa jambo asilolitawala, na asubuhi ya kulowa inakuwa adhabu mbili.

Dawa ipo. Desmopresini hupunguza mkojo wa usiku ule anaoitumia, na inafaa anapokwenda kulala kwa watu. Ni ya daktari kuandika, na sharti lake ni kali: tangu muda wa saa moja kabla ya kidonge mpaka muda wa saa nane baada yake asinywe zaidi ya glasi moja, la sivyo chumvi ya damu hushuka na anaweza kupata degedege. Imipramini ya zamani, ikiwa imo nyumbani, ifungiwe kabatini. Vidonge vichache tu vikimezwa na mdogo wake vinaweza kusimamisha moyo.

Msingoje nyumbani kwa haya. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita kisha akarudia, mwenye kiu isiyokatika na anayekonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Maumivu anapokojoa, homa, kulowa mchana, kukoroma sana, miguu dhaifu, yote ni ya daktari. Mkojo wenye damu kwa mtoto anayeoga mitoni na mabwawani, fikirini kichocho, kimejaa mkoani kwetu na kina dawa. Mwenye selimundu, ule wengine huuita sikoseli, figo zake haziwezi kupunguza maji kwenye mkojo, hulowesha kitanda kwa sababu hiyo, na yeye msimpunguzie maji kabisa. Kiu kwake huleta maumivu makali. Kituo cha afya kitampima mkojo, na kikishindwa kitawapa rufaa ya hospitali ya mkoa ya Bombo. Na aliyeanza kulowesha ghafla baada ya talaka, msiba au kuhamishwa nyumba, kaeni naye peke yake mumsikilize. Muulizeni kwa upole kama kuna mtu anayemgusa au kumtisha. Akisema, mwaminini.

Ramadhani ina hesabu yake. Mtoto anayejaribu kufunga hunywa maji yote kati ya futari na daku, kisha hulala tena baada ya Alfajiri. Agawiwe maji kidogo kidogo toka futari mpaka Isha, uji mwepesi upungue, chai ya rangi isiwepo, na baada ya daku akojoe kabla ya kurudi kulala. Mwezi huo msiupime wala msianzishe kengele. Mpira na shuka vikae tu mahali pake, na daftari mlianze Mfunguo Mosi, sikukuu ikishatulia.

Bibi yenu,
Ngamiani, Tanga