Shukrani kwa mzee wa kwenye foleni

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Sikukuuliza jina, na hilo linaniuma hadi leo, kwa hiyo asante yangu naiweka hapa hadharani.

Ulinikuta nahangaika na orodha ya simfoni kwenye simu, zile tungo ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa. Nikakuambia muziki wa klasiki unanishinda: kila nikianza, nusu saa haijaisha nishapotea. Hukunicheka. Ulinipa spika moja ya sikioni, ukasema, "Mwanangu, acha simfoni nzima. Sikiliza sehemu ya pili tu ya Simfoni ya Saba ya Beethoven."

Ukaanza kunigongea begani kwa kidole: ndefu, fupi-fupi, ndefu, ndefu. Viola, selo na besi, zile ala za nyuzi zenye sauti nzito kuliko fidla, chini kabisa, karibu na mnong'ono. Kisha fidla za pili zikaupokea mdundo ule ule, na chini yake viola na selo zikaanzisha wimbo mwingine, wa huzuni. "Sasa fuata selo, fidla ziache." Nikazifuata. Mwili wote ulinisisimka. Okestra nzima ilipoingia, zamu yangu ilikuwa imeshanipita, na wala sikujali.

Ukaniambia kwamba mwaka 1813, ilipopigwa Vienna mara ya kwanza, watu walitaka sehemu hiyo irudiwe. Nawaelewa kabisa!

Tangu siku ile nasikiliza kwa njia yako: sehemu moja, mara tatu, kila mara nikifuata ala moja. Sasa niko kwa mtunzi mwingine, Bach, kwenye vipande vyake vya selo pekee. Mungu akupe afya, mzee wangu.