Mbao za paini zenye buluu hazijaoza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie mbao za paini zenye michirizi ya buluu. Sokoni zinaitwa mbao zilizooza, na mnunuzi ama anashusha bei ama anazikataa kabisa. Wapo pia wanaodhani rangi ile ni dawa ya mchwa. Wote wamekosea. Ile ni kuvu, na wakati mwingine huletwa na mbawakawa wadogo wanaoishi chini ya magome.

Tazama kichwa cha gogo lililoathirika. Utaona madoa ya kijivu-buluu yenye umbo la kabari, mapana upande wa gome na yanayochongoka kuelekea katikati. Kiini hakiguswi. Kuvu hupita kwenye vishipa vinavyotoka gomeni kwenda ndani, kwa sababu humo ndimo mti unamoweka sukari, wanga na mafuta. Haili nyuzi ngumu zinazobeba uzito, kama zifanyavyo kuvu za uozo. Kwa hiyo kwa kenchi, papi au fremu, ubao wa buluu una nguvu karibu sawa na mweupe. Kinachopungua ni uwezo wa kuhimili kishindo cha ghafla, hivyo usitengenezee ngazi wala mpini. Kasoro nyingine ni kwamba unafyonza rangi na dawa kupita kiasi, tena bila usawa.

Anayetaka uhakika achomeke ncha ya kisu kwa mshazari na kuinua kibanzi. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, ila uliooza hukatika kipande kifupi palepale kwenye kisu. Ukungu unaoota juu juu hutoka kwa brashi au randa. Buluu haitoki kwa randa, maana imeshaingia ndani, na anayekuuzia maji ya kuing'arisha anakula fedha yako bure.

Sasa huyo mbebaji. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Kanada, jimbo la British Columbia, ambako mbawakawa aitwaye Dendroctonus ponderosae, asiyezidi punje ya mchele, aliua misonobari (yaani paini) kwenye eneo la zaidi ya hekta milioni 18 kuanzia miaka ya 1990. Jike ndiye hutangulia. Hutoboa gome wakati wa kiangazi, huchimba njia ya wima kati ya gome na mbao, kisha hutoa harufu inayowaita wenzake. Mti hujitetea kwa kumwaga utomvu, na wavamizi wakiwa wachache huzama humo. Wakija kwa mamia, utomvu huisha kabla yao.

Mdomoni mbawakawa huyo ana vifuko viwili visivyoonekana kwa macho, vimejaa mbegu za kuvu. Mbili zinajulikana sana: Grosmannia clavigera na Ophiostoma montium. Ya kwanza hustawi kwenye ubaridi, ya pili huvumilia joto zaidi, hivyo majira yakibadilika mbawakawa hakosi msaidizi. Vinasaba vya G. clavigera vilipochapishwa mwaka 2011, ilionekana kuwa utomvu unaoua vijidudu vingine haiisumbui, na sehemu ya utomvu huo inaweza kuitumia kama chakula. Kuvu ikienea huziba njia za maji. Majani hubaki ya kijani miezi kadhaa ilhali mti umeshakufa. Mwaka unaofuata hugeuka mekundu, kisha hupukutika na kuacha msitu wa kijivu.

Kama kuvu ndiyo inayoua, au mbawakawa peke yao wanatosha kwa kulizunguka shina na mashimo yao, wataalamu bado wanabishana. Mimi naona swali la chakula lina uzito zaidi. Gome la ndani halina naitrojeni ya kutosha kumkuza funza, na hakuna mdudu awezaye kujitengenezea mafuta ya aina ya steroli anayohitaji ili akue. Kuvu huvuta naitrojeni kutoka kwenye mbao na kuileta gomeni, na steroli inayo yenyewe. Mbawakawa kijana anapotoka kwenye hatua ya bundo, iliyo kati ya funza na mdudu kamili, hukuta kuta za chumba chake zimetandikwa mbegu za kuvu. Hula kwanza, hujaza vifuko, ndipo huruka. Atakayeruka bila kuvu ataanza familia kwenye njaa.

Zamani huko Kanada baridi kali ya kama nyuzi 40 chini ya sifuri ilipunguza funza kila baada ya muda. Majira ya baridi yalipolegea, kizuizi hicho kikaondoka, na mwaka 2006 makundi makubwa yalivuka milima ya Rocky na kuingia jimbo jirani la Alberta. Mbao walizookoa Wakanada hawakuzitupa. Sehemu ya paa la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu huko Richmond, uliotumika kwenye Olimpiki ya 2010, imetengenezwa kwa mbao za misonobari iliyouawa na mbawakawa hao.

Wala kila kuvu ya buluu si rafiki wa mdudu. Kusini mwa Marekani, Dendroctonus frontalis hubeba kuvu zake za chakula, lakini mgongoni hupandiwa na utitiri, nao una kuvu yake, Ophiostoma minus. Kuvu hiyo ya utitiri ikitawala eneo chini ya gome, funza wa mbawakawa hudumaa na kufa.

Kwetu misonobari ni mgeni. Paini inayojaza shamba la miti la Sao Hill, Pinus patula, asili yake ni Mexico, na huko kwao ina mbawakawa wake wa jenasi hiyohiyo ya Dendroctonus. Buluu tunayoilalamikia sokoni ni ya magogo yaliyokwisha kuangushwa. Mbegu za kuvu huja na upepo, mvua, misumeno michafu na wadudu wanaofuata harufu ya gogo bichi. Tiba yake ni haraka. Gogo likilala porini wiki mbili tatu kipindi cha joto, hata ukilichana kwa mashine ya kisasa, buluu imeshaingia. Asiyeweza kuchana ndani ya siku chache aache gome lisichubuke, au alowanishe magogo mfululizo usiku na mchana, kwa sababu mbao iliyojaa maji haina hewa ya kuilisha kuvu. Kumwagia maji mara moja kwa siku ni kuikaribisha.

Ubao ukishachanwa, usilale juu ya mwenzake hata usiku mmoja. Inua tabaka la kwanza sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Weka vipapi vikavu vya milimita 25 kati ya matabaka, umbali wa sentimita 60 au pungufu, kila kipapi juu ya mwenzake ili mbao zisipinde. Ezeka juu, acha ubavu wazi kwa upepo. Vipapi vibichi huacha mistari ya buluu palepale vilipogusa, na watu hulaumu mti. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, kuvu husimama. Haifi, husubiri, na ubao ukilowa tena inaendelea. Anayetumia dawa ya kuzuia buluu achovye mbao ndani ya saa 24 tangu kuchanwa. Akichelewa, dawa inabaki juu huku nyuzi za kuvu zikiendelea ndani. Na asinunue ile ya zamani ya pentaklorofeno: imo kwenye orodha ya kemikali sumu za Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kuzikomesha, tangu 2015.

Kinachonitia hofu zaidi ni makreti na paleti zinazoshushwa bandarini. Aina tatu za mbawakawa wa magome kutoka Ulaya zimeshakaa kwenye misonobari ya Afrika Kusini. Huzaliana kwenye visiki na masalia ya uvunaji, na mmoja wao, Hylastes angustatus, hutafuna gome la miche michanga karibu na mzizi muda mfupi baada ya kupandwa. Kanuni ya kimataifa, ISPM 15, inataka mbao za vifungashio zipashwe joto hadi nyuzi 56 kwenye kiini kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe kwa gesi. Muhuri wake una alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya kiwanda na herufi za tiba, HT zikimaanisha joto. Muhuri peke yake hautoshi, tazama na gome. Kipande cha gome chenye upana usiofika sentimita 3 kinaruhusiwa kwa urefu wowote. Kilichozidi upana huo lazima eneo lake liwe chini ya sentimita 50 za mraba. Ukikuta kreti lenye gome kubwa na vumbi la kahawia chini yake, usilipeleke nyumbani kuwa kuni wala kulipakia kwenye lori la kupanda Mafinga. Lifunge kwa turubai na uwaite wakaguzi wa afya ya mimea hapohapo bandarini.

Mdau wa misitu,
Mufindi, Iringa