Rehema, usiiuze hiyo baiskeli

Lushoto,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Shoga yangu Rehema,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, na safari hii wasiwasi huo ni wa kweli, si wa kufungulia barua. Jana Mama Shufaa karudi kutoka Tanga na gunia lake la nazi, hata hajakaa akanipa habari: baiskeli unamwachia kaka yako, na kama yeye haitaki, utaiuza. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Usiiuze, Rehema. Nakuomba.

Najua ni kwa sababu ya ile siku ya pili ya Idi. Tangu siku ile hujaniandikia, nikipiga simu una haraka, nami nikanyamaza nikidhani utapoa mwenyewe. Nilikosea. Mimi ndiye niliyekupeleka njia ya Irente bila kukueleza lolote. Mtu umezaliwa Ngamiani, tangu una miaka minane unaendesha kwenda sokoni na kurudi na ndoo kwenye keria, Tanga yenyewe tambarare kama sinia, nikakutoa huko nikakutia kilimani moja kwa moja, tena asubuhi yake umekula pilau. Ulipofika kwenye kona ya mikaratusi ukashuka, wale vijana wa bodaboda wakaanza, "Mama, sukuma! Sukuma!" Nikauona uso wako. Ulisukuma mpaka juu bila neno. Wenzako wakawa wanaitazama Mazinde kule chini, wewe ukawa unatazama tairi lako.

Sasa nisikilize. Siku ile pumzi yako haikuwa na kasoro, wala miguu, wala huo mwili unaousingizia. Kilichokuangusha ni gia. Uliingia kilimani na gia ile ile uliyotoka nayo mjini, nzito, ya kukimbilia tambarare. Ukaanza kuitafuta nyepesi ukiwa umeshakwama katikati, uzito wako wote uko juu ya pedali. Ule mlio wa kra-kra ulioniuliza ni nini, ni mnyororo unalazimishwa kuhama huku umebeba mzigo. Gia inashushwa kabla. Ukiona tu barabara inaanza kuinuka, bado una mwendo na miguu bado mepesi, hapo ndipo unahamisha, na mnyororo unapanda kwenye sahani kubwa ya meno ya nyuma kimya kimya. Halafu unazungusha miguu upesi upesi, bila kukandamiza. Wewe ni fundi cherehani, unalijua hili kuliko mimi: ukikanyaga kwa pupa uzi unakatika, ukikanyaga kwa mwendo mmoja kitambaa kinajipeleka. Kilima ni hivyo hivyo. Kaa kitini, legeza mabega, tazama barabara hatua chache mbele yako, usitazame kilele.

Na kiti chako kiko chini mno. Nilikiona siku ile, sikusema. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Wako ulikuwa umekunjwa kama umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, ndiyo maana magoti yaliuma usiku. Najua unakiweka chini ili miguu ifike ardhini ukiogopa. Basi usikipandishe kwa siku moja. Kipandishe upana wa kidole kimoja, endesha wiki, ukizoea ongeza kingine. Mimi nilifanya hivyo hivyo, ikanichukua mwezi.

Subiri kidogo, kuna mtu anabisha hodi.

Nimerudi. Alikuwa Mwalimu, kaja kuazima pampu, anakusalimia sana. Kila Jumamosi alfajiri tunatoka wanne: mimi, Mwalimu, Mama Shufaa na yule binti wa saluni. Nikueleze kuhusu Mama Shufaa, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae niandike. Kilima cha mikaratusi hakimalizi. Anashuka, anasukuma. Ila siku ya kwanza aliposhuka aliokota jiwe jeupe akaliweka kando ya barabara, pale pale mguu wake ulipogusa chini. Jumamosi iliyofuata akalipita kwa hatua kama kumi, akashuka, akalichukua jiwe akalisogeza. Mpaka leo jiwe limehama mara sita. Wiki iliyopita lilikuwa limefunikwa na majani, akalitafuta kwa mikono, akalipangusa kwa kanga yake, akaliweka mbele zaidi. Vijana wa bodaboda bado wanapiga kelele, lakini sasa wanapiga kelele za jiwe: "Mama Shufaa, leo limefika wapi?"

Halafu Kigali. Uliona? Mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia, mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kuja Afrika, wakazileta Rwanda, nchi ya vilima tupu! Jumamosi ile ya tarehe 27 tulijazana saluni tukiangalia wanawake kwenye simu ya binti, mashine ya kukaushia nywele inavuma, mteja ana rola kichwani naye kajiinamisha. Kilomita 164 na ushei, Rehema, wanauzunguka mji ule ule, kila mzunguko wanapanda Kimihurura, mahali pametandikwa mawe. Akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, msichana ambaye wengi hawakumtazamia. Wengine waliachia njiani, na hao ni watu ambao kazi yao ni kuendesha. Mimi nilikuwa natazama magoti yao. Kwenye kilima kirefu wengi wamekaa, magoti yanakwenda upesi na wepesi, juu ya kiuno wametulia. Nikasema hebu, hawa nao wanashona cherehani! Nikakukumbuka wewe. Nilitaka nikupigie saa ile ile, nikaogopa utaniambia una haraka.

Usidhani mimi nilizaliwa napanda. Februari nilikuwa siwezi kuipita kona ya kwanza kutoka sokoni. Nilichofanya ni kutafuta kilima kimoja kifupi nyuma ya nyumba, dakika tatu kupanda. Jumanne na Alhamisi kabla ya kazi nilikipanda mara tatu, kila nikifika juu nashuka taratibu mpaka pumzi irudi, ndipo napanda tena. Wiki ya pili mara nne. Siku zilizobaki miguu inapumzika, na kupumzika huko ndiko kunakojenga, usikudharau. Jumamosi ndiyo safari ndefu, na kipimo changu ni mdomo: nikiweza kumjibu Mwalimu sentensi nzima, mwendo ni wangu. Nikibaki na "ee" na "aa", napunguza, hata kama wenzangu wananiacha. Wiki ya sita hivi nikashtukia nimeipita mikaratusi yote naongea habari za bei ya kabichi. Sikujua hata nilifikaje pale juu.

Na zile siku zetu usijilazimishe. Siku ya kwanza mimi naendesha tambarare tu, au nalala.

Utaniuliza, Tanga kilima nitakipata wapi? Una upepo, mwenzangu. Jioni kule Raskazone bahari inapovuma, geuza baiskeli iuelekee, endesha dakika tano bila kuinuka kitini, geuka urudi nao ukipumzika, kisha tena. Upepo hauna kilele wala hauna kona ya kujificha, ukiuzoea huo Irente utaiona ndogo. Siku nyingine weka maji lita kumi kwenye keria, yafunge vizuri kwa mpira yasichezecheze. Na ule uwoga wa kuanzia mwendo katikati ya kilima, ambao najua ndio ulikufanya usukume mpaka juu, fanyia mazoezi hapo hapo barabarani kwenu: breki zote mbili umezishika, pedali moja umeiinua iko juu mbele, unaikanyaga hiyo huku unaachia breki, unakaa. Kwenye kilima kikali, kama hakuna gari mbele wala nyuma, elekeza gurudumu upande upande kwanza, usielekee juu moja kwa moja. Fanya mara ishirini. Ukijua kwamba ukisimama utaweza kuondoka tena, hofu yote inapungua, maana kinachotisha si kupanda, ni kule kusimama watu wanakutazama.

Kushuka nako kuna adabu yake. Breki unazibana na kuziachia, unazibana na kuziachia. Usizing'ang'anie njia nzima, rimu zinapata moto na mikono inakufa ganzi. Lile dera nalo liache nyumbani, mara mbili nililiona linakaribia kuingia kwenye mnyororo roho ikaniruka. Suruali ndani, gauni fupi juu, na ushungi mwepesi usio na mafundo ili kofia ngumu ikae sawasawa.

Sasa sababu nyingine ya kuandika, na hapa nakuomba kama ndugu. Tumepanga Januari, mvua za vuli zikishapita, tupande kutoka Mombo mpaka Lushoto. Kilomita 33. Mombo iko kama mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, huku kwetu karibu 1,400, kwa hiyo ni kilomita nzima ya kwenda juu. Inatisha ukiisema hivyo. Lakini igawe: kila mita 100 unazosogea unainuka kama tatu, na barabara inazunguka mlima pole pole, haikupandishi ukuta. Tutaanza alfajiri malori hayajawa mengi, tutakula Soni karibu na maporomoko, viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi (pilau baada ya kufika, si kabla!), kila mmoja chupa mbili za maji. Wanne tumeshajiandika. Nafasi ya tano nimesema ina mwenyewe, na sijamwambia mtu kwamba mwenyewe anataka kuuza baiskeli.

Mizigo ninayoomba: nenda kwa yule fundi wetu wa barabara ya nane, akutafutie friwili, yale masahani ya meno ya gurudumu la nyuma, ya gia sita, sahani kubwa iwe ya meno 28 au zaidi. Ni ya Mwalimu, yake imekwisha, mnyororo unaruka kila akikanyaga kwa nguvu. Na mipira ya breki jozi nne, ile minene. Huku dukani niliuziwa iliyokakamaa kama kwato, karibu inimwage kwenye kona, siirudii. Hela nitakutumia kwenye simu ukinitajia bei. Na ukiwa pale kwa fundi, yako nayo iangaliwe gia, kamba ya gia ya nyuma ilikuwa imelegea, nina hakika nayo ilichangia siku ile.

Sasa nijibu, tena kwa kuandika, usinipigie ukakata. Kaka yako ameshaichukua au bado iko uani? Shemeji anasemaje, ni yeye aliyekuambia uiuze au ni wewe mwenyewe? Magoti yameacha kuuma? Yale maneno ya vijana bado unayasikia? Maana mimi nilimfuata yule mmoja mrefu, tukazungumza, alisikitika kwamba ulilia. Ulilia, Rehema? Mbona hukuniambia? Na Novemba utakuja kumwona dada yako au umeahirisha?

Jana tulipopanda nilisimama kwenye kona ya mikaratusi, pale pale uliposhukia siku ya Idi. Nimeweka jiwe. Jeupe, kubwa kuliko la Mama Shufaa, nimelizika nusu ili mvua isilichukue. Ukija tutaanzia kwenye mteremko wa chini, gia umeshaishusha, na mimi nitakuwa nyuma yako.

Wasalimie watoto, na bibi umwambie dawa ya kifua nimeipata.

Wako,
Mwanahamisi