Harambee ya kupima bahari ya Manda: tunatafuta shilingi 335,000

Wazee wetu, kina mama, vijana wa Lamu, na nyote mlioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni: safari hii hatuchangi miche. Twajua mchango wa mikoko hujaa upesi, maana mche huonekana na hupigwa picha. Sasa tunaomba kamba, mabomba, petroli na sahani za chuma zilizopakwa rangi, ili tupime na kuandika hali ya maji, tope na nyasi za bahari kabla bandari haijachimbwa tena.

Bandari ya Lamu mwanzoni ilipangiwa gati 32. Tatu za kwanza zimekwisha, na ili meli kubwa zifike, mlango wa kuingilia bandarini ulichimbwa hadi kina cha mita 17.5. Lakini mlango uliochimbwa haukai ulivyoachwa. Maji yakijaa na kupwa hurudisha mchanga na tope, kwa hiyo kuchimba ni kazi ya kurudiwa hata kabla ya gati mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wavuvi wa hapa zilivunjwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,600. Kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 2012. Ni kweli kwamba kifungu cha 70 cha Katiba hakimlazimishi mtetezi wa mazingira kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara. Lakini ukidai fidia utaulizwa: maji yalikuwa safi kiasi gani kabla? Ukijibu "tulikuwa tukiona hadi chini," wakili wa upande wa pili atakushinda bila jasho, maana huna kipimo.

Madhara yenyewe huanza na kiza. Tope likielea kwa wiki kadhaa, nyasi za bahari hukosa mwanga, na zikifa, samaki wa tafi huhama, na kasa uziwa na nguva wanaozila hukosa malisho. Mchu, aina ya mkoko, nao hupumua kwa mizizi inayochomoza kama vidole. Vidole vikizikwa na tope, mti hukauka ukiwa umesimama. Meli inayonyonya mchanga yaweza kumvuta kasa aliye chini. Dawa ipo: mdomo wa bomba hufungwa kizuizi cha kumsukuma kasa kando, na pampu haiwashwi mpaka mdomo uguse mchanga. Hayo ni masharti ya kudai kwa maandishi kabla ya kibali cha kuchimba kutolewa. Pazia la tope, lile la kitambaa kinachoning'inia kwenye maboya, tusilitegemee sana. Mkondo ukizidi nusu mita kwa sekunde, kitambaa huinuka na tope hupita chini yake. Anayejua maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa kwa nguvu, kwenye mkondo wa Manda haambiwi zaidi.

Tutapima vituo tisa: vitatu karibu na mlango, vitatu katikati, vitatu mbali kabisa vya kulinganishia. Bila hivi vya mbali, kila uchafu utasingiziwa mvua. Safari ni mbili kwa mwezi, siku za maji mafu mkondo unapopungua, kwa mwaka mzima, kwa sababu upepo wa kusi huyachafua maji yenyewe bila meli yoyote na lazima tupate vipimo vya kusi na vya kaskazi.

Kifaa cha kwanza, cha kupima maji ni maangavu kiasi gani, ni sahani ya sentimita 30, robo mbili nyeusi na robo mbili nyeupe, yenye uzito chini na kamba isiyovutika iliyotiwa alama kila sentimita 10. Huteremshwa upande wa kivuli wa mashua, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bila miwani ya jua. Unaandika kina inapopotea machoni, unaivuta taratibu, unaandika inapoonekana tena, kisha unachukua wastani. Ikifika chini na bado inaonekana, usiandike kina hicho kana kwamba ndicho kipimo, andika "chini." Kwenye maji mafupi hilo litatokea mara nyingi, na ndiyo sababu tunahitaji pia kipima-tope cha mkononi, kinachotugharimu 95,000.

Mitego ya tope ni bomba la plastiki la sentimita 5 lililozibwa chini na kukatwa urefu wa sentimita 25. Likiwa fupi, maji huzunguka ndani na kulitoa tope. Kila kituo kina mabomba matatu yaliyofungwa kwenye nondo, kwa kuwa moja litaangushwa na mkondo au kugeuzwa nyumba ya kaa. Tope huoshwa chumvi, hukaushwa na kupimwa kwa gramu. Nyasi zitahesabiwa kwa fremu ya nusu mita kwa nusu mita, kwenye kamba tatu za mita 50 zilizoachana mita 25.

Petroli ndiyo inayokula fedha: safari 24, lita 25 kila moja, jumla 120,000. Chakula na posho ya watu wanne ni 48,000, jaketi sita za kuokolea 21,000. Sahani tatu ni 6,000, mabomba na nondo 14,000, vifaa vya nyasi na miwani ya kupigia mbizi 25,000, mizani 6,000.

Mwenye nondo zilizobaki kwenye ujenzi, bomba, au mashua ya kuazima siku mbili kwa mwezi, huo ni mchango pia. Tutauandika kwa thamani yake. Fedha zipelekwe kwa mhazini tu, na kila mtoaji adai risiti. Hesabu na vipimo vya mwezi vitabandikwa pamoja kwenye ubao wa bandarini, na nakala itawekwa kwa wakili na shuleni, maana daftari moja likilowa mashuani, mwaka mzima umekwenda na maji.