Kuhusu Hamidu na hiyo kazi ya Dodoma

Kwako Salum,

Asalaam alaykum. Huku Dar hatujambo, joto tu na foleni. Mama Mwajuma kakusalimu, na bado anazidai sahani zake.

Simu zako sikupokea kwa sababu najua ungenifokea. Eti nimkanye Hamidu asiache ofisi ya uwakili pale Posta akawe Wakili wa Serikali. Simkanyi.

Unasema kipaji kitazikwa. Wewe unapenda wakili anayenguruma Kisutu. Haya, niambie nani alinguruma mahakamani mwaka 1964! Humkumbuki. Lakini Hati za Muungano tunazibishania mpaka leo, na aliyeandaa rasimu yake ni Roland Brown, wakili Mwingereza, Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika. Mwalimu alimwagiza aandike kimyakimya. Tarehe 22 Aprili Mwalimu na Karume wakasaini. Karatasi chache, mambo 11. (Hapo najua utaruka: Dourado, Mwanasheria Mkuu wenu huko Zanzibar, hakushirikishwa. Kweli kabisa. Tutaligombania hilo kwenye kahawa.)

Mwaka 1965 kiti cha Brown kikaja kwa Mark Bomani, Mwafrika wa kwanza kukikalia, miaka 33 tu. Akakaa hadi 1976. Hamidu ana miaka mingapi vile? Na mwaka 2007, akiwa mzee, ni yeye huyohuyo aliyeitwa kuongoza kamati ya kupitia mambo ya madini.

Ila usidhani namsifia tu kazi. Mteja wake atakuwa Serikali, na mteja huyo akishaamua jambo hapendi kuambiwa sheria hairuhusu. Kwenye kesi ya benki ukishindwa unakata rufaa. Mshauri wa Serikali akiupitisha mkataba mbovu, tunalipa sisi, mimi na wewe na hao wauza urojo wako. Hilo ndilo nitakalomwonya, je, atathubutu kusema hapana mbele ya wakubwa? Mshahara ni mdogo, sawa, lakini mshahara… basi, tuache.

Anahama lini? Nyumba Dodoma kapata, au atapanga chumba kama sisi zamani? Bi Zuhura anasemaje? Halafu hizo hesabu za pesa unazopiga, ni zake au zako? Idi mnavuka kuja huku? Mkija, nileteeni ile kanzu yangu niliyoisahau kwenu, au umeshaanza kuivaa?

Wako,
Mbwana